Usaili wa Kibarazani

"Huna sifa."

Watu wengi wa mtaa wetu hapa Geita wameambiwa hivyo na Afisa, tena asubuhi, tena kabla hawajapewa hata kiti. Ajabu ni kwamba wengi walitoka getini kwake wakicheka. Mimi ndiye niliyeambiwa mara nyingi kuliko wote, kwa hiyo nadhani nina haki ya kumweleza mama huyu kwa nafasi, bila mtu kuniambia nampendelea. Nampendelea, ndiyo. Lakini nitajitahidi.

Jina lake silitaji, na ukija mtaani ukalitumia utazunguka bure, maana hakuna anayelijua. Mwambie bodaboda yeyote akupeleke kwa Afisa, atakufikisha mlangoni. Jina hilo lilimfuata kutoka Mwadui, alikofanya kazi ya utumishi kwenye mgodi wa almasi mpaka akastaafu: kuajiri, kupandisha watu vyeo, kusuluhisha, kuaga. Alipohamia Geita kwenye nyumba ya kona aliyoachiwa na marehemu mumewe, kustaafu kulimshinda mapema sana. Akaanza kuwasaidia majirani kuomba kazi. Kidogo kidogo akajikita kwenye kazi za mashirika ya kimataifa, zile za kitaaluma, ambazo mtu huajiriwa kwa ujuzi wake na anaweza kupelekwa nchi yoyote duniani. Siku moja nilimuuliza kwa nini hasa alichagua hizo.

"Kwa sababu zina masharti mengi," akasema, na uso ukamchangamka kama mtu aliyetajiwa nyama choma.

Hakutoza kitu. Ukimletea sukari alipokea, ukimletea bahasha alikufukuza na sukari yako.

Mimi nilikuja kwake kwa sababu ya kazi moja tu. Nilisomea afya ya mazingira, nikaajiriwa kwa mkataba kwenye mradi mdogo uliokuwa ukiwafundisha wachimbaji, kuanzia pembezoni mwa Geita hadi upande wa Buseresere, namna ya kuchoma dhahabu bila kuvuta moshi wa zebaki. Kazi yenyewe niliipenda hadi basi. Lakini mradi ulikuwa ukikaribia kufungwa, na nyuma yangu walikuwepo mama na wadogo zangu wanaosoma. Ndipo shirika moja la kimataifa likatangaza nafasi ya mtaalamu wa mambo hayo hayo ya zebaki kwa wachimbaji wadogo. Niliposoma lile tangazo nikasema, hii ni yangu. Nikachapisha, nikapiga mswaki, nikaenda kwa Afisa.

Alilisoma huku anamenya viazi. Alikuwa na uwezo huo, macho kwenye karatasi, kisu kwenye kiazi, na hakujikata hata siku moja.

"Wanataka shahada ya uzamili. Unayo?"

"Sina, Afisa. Ila wameandika kwamba mwenye shahada ya kwanza na uzoefu wa ziada anafikiriwa."

"Nimeona. Huo uzoefu wa ziada umetimia?"

"Unakaribia."

"Unakaribia," akarudia. "Basi huna sifa. Una hamu. Hamu ni nzuri, itunze. Utaomba uzoefu ukishatimia."

Nililia njiani, sitaficha. Nilimwona mama katili asiye na mtoto, kumbe anaye, tena binti mkubwa yuko Dodoma na wajukuu. Jumamosi iliyofuata simu ikalia. "Mbona hujaja?" Nikamkumbusha kwamba alinikatalia. "Nilikwambia uombe kazi baadaye," akasema. "Sikukwambia uje baadaye. Michembe inapoa." Nikaenda. Nikaendelea kwenda, Jumamosi kwa Jumamosi, nikisubiri lile tangazo lirudi.

Michembe yake, nayo, inastahili kutajwa. Viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vikakaushwa juani, halafu vikachemshwa na kuliwa na karanga: kila nyumba ya Wasukuma inajua. Ila ya Afisa ilikuwa na namna yake, na yeye aliyekuwa akituonya tusipende kusifiwa, ukimwambia michembe yake ni mizuri alikuwa anainama na kujifanya anatafuta kiatu.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa pande mbili mbili. Alitufundisha kwamba mtumishi wa kimataifa hafungamani na upande wowote, hapokei amri ya serikali yoyote, halaumu wala hashangilii hadharani. Sawa. Halafu timu yake ya mpira ikifungwa, mtaa mzima ulijua, maana redio ilizimwa kwa kishindo na mshika kibendera akapewa majina ambayo hayafai kuandikwa. Alitufundisha kuwahi. Usaili ukiwa saa nne, wewe uwe umekaa saa tatu. Lakini kanisani mwenyewe aliingia mahubiri yakiwa katikati, akiwa na kitenge kizuri, akisalimia safu kwa safu. Alitufundisha kuandika wasifu mfupi. "Wasifu si wosia," alikuwa akisema, "huna haja ya kutaja kila ulichonacho." Basi muulize yeye alivyomfahamu mumewe. Jitayarishe na chakula cha mchana.

Na lile kubwa kuliko yote. Sharti alilolipenda zaidi, alilotusomea kwa sauti ya kanisani, ni kwamba mwajiriwa awe tayari kutumwa kituo chochote cha kazi, popote. "Popote," alikuwa akirudia. "Si Mwanza. Si Dar es Salaam. Popote." Yeye binti yake alimbembeleza miaka ahamie Dodoma alelewe, chumba kimepakwa rangi, godoro limenunuliwa. Afisa alijibu kwamba Dodoma kuna upepo. Hakuenda.

Turudi kwenye "huna sifa." Siku moja alikuja dalali wa dhahabu, kijana anayecheka na kila mtu, kavaa suti ya rangi ya maziwa katikati ya vumbi la kiangazi. Alikuwa amesikia shirika fulani linatafuta mkuu wa ofisi yake hapa nchini, akaona kiti kile kinamfaa. Akamwinamia Afisa, akauliza kwa sauti ya chini aonane na nani.

"Uonane na tangazo," Afisa akasema.

"Namaanisha mtu, mama. Wa kuongea naye vizuri."

"Hakuna mtu, baba. Huko ikijulikana umepita kwa mtu, mnatoka wote wawili, wewe na mtu wako. Una shahada?"

"Sina."

"Lugha?"

"Kisukuma, Kiswahili, na Kiingereza cha kuuzia dhahabu."

"Huna sifa," akamwambia, na akamjazia sahani. "Lakini una macho. Jumamosi una nafasi?"

Hivyo ndivyo dalali alivyoingia kwenye jopo.

Jopo lenyewe lilikaa kibarazani kila Jumamosi. Afisa mwenyekiti, kulia kwake dalali, kushoto fundi viatu mwenye kibanda nje ya ukuta, na pembeni mama lishe wa stendi, ambaye alikuja na masufuria yake akiwa njiani kwenda sokoni. Mwombaji aliwekewa kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi. Nilidhani ni umaskini. Siku moja nikataka kukibadilisha, Afisa akanipiga kofi la mkono. "Acha hicho. Mtu akiweza kujibu akiwa anayumba, atajibu popote."

Kila mmoja pale alikuwa na wajibu wake. Dalali alitazama macho na mikono yako, maana kazi yake ya kila siku ni kutambua nani anamletea dhahabu na nani anamletea shaba. Mama lishe alikuwa na sheria moja: asipokuelewa ananyoosha mwiko, nawe unaanza upya. Wasomi walimwogopa ule mwiko. Lakini aliyetuua hasa ni fundi viatu, mzee mpole kutoka Kigoma, kofia nyeupe kichwani, ambaye alikuwa na swali moja tu kwa watu wote.

"Tuligawa vifaa vya kunasa moshi kwa akina mama wa karasha," nikasema mimi, nikijiona nimejibu. Karasha ni zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na kuzizunguka ndiko kulikokuwa na kazi yangu.

"Halafu?"

"Wakavipokea."

"Halafu?"

"Tukawafundisha kuvitumia."

"Halafu, mwanangu?"

Kiti kikaanza kuyumba. Ukweli ni kwamba hawakuvitumia. Afisa akaweka kalamu chini. "Hapo sasa ndipo kazi yako inapoanzia," akasema. "Usinieleze mlichogawa. Nieleze hapo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Yaani mtu anakuuliza halafu, halafu, halafu, utadhani anasimuliwa hadithi ya sungura! Ila Jumatatu nilikwenda karashani nikakaa na wale akina mama, nikawauliza kwa nini. Wakanicheka. Kifaa kilikuwa cha chuma, kimefunikwa, dhahabu yako ikiingia humo huioni tena. Nani atakubali dhahabu yake iingie gizani wakati wenzake wanane wamesimama hapo? Waliona bora moshi kuliko wizi. Tukatafuta vyenye kifuniko cha kioo, kila mwenye dhahabu akakaa akiitazama yake ikichomwa. Vikaanza kutumika. Nilipomweleza fundi viatu Jumamosi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye soli yake. Hakuniuliza halafu. Nilifurahi kama nimepewa ng'ombe.

Tangazo liliporudi, uzoefu wangu ulikuwa umeshatimia. Afisa alilisoma, akalisoma tena, maana alikuwa akisema tangazo halina huruma, akavua miwani. "Sasa una sifa." Nikapiga vigelegele. Akaniambia nisipige vigelegele, nikajaze.

Nikajaza usiku uleule nyumbani, peke yangu, kwa pupa. Na hapo nikavuruga.

Huko kwenye mashirika kila mwombaji huulizwa kama ana ndugu aliyeajiriwa na shirika hilo. Mimi nikajibu ndiyo. Penye nafasi ya maelezo nikaandika kwamba baba yangu mdogo ni dereva wao ofisi ya Mwanza. Na kwa Kiingereza nikaandika baba, baba kabisa, kwa sababu lile neno lao jingine, "uncle", wanalitumia hata kwa mjomba, nikaona litamshusha mzee. Haukupita muda ikaja barua pepe. Kwa mujibu wa masharti yao hawamwajiri mtoto wa mtu aliye tayari kazini kwao. Nieleze uhusiano wetu kabla ya Ijumaa, la sivyo maombi yangu yatawekwa kando.

Sasa huyo baba mdogo hakuzaliwa tumbo moja na baba yangu. Walichunga ng'ombe pamoja, wakaoa msimu mmoja, nyumba zao zikatazamana. Baba alipofariki, ni yeye aliyesimama kaburini kutupokelea pole, na ni yeye aliyeuza fahali wake ili mimi nimalize sekondari. Niambie, mtu wa namna hiyo ukiulizwa ni ndugu yako unajibu nini?

Nilidhani Afisa atanifokea. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye karai. "Hata mimi ningejaza ndiyo," akasema akifuta machozi. Akanisimulia kikao kimoja cha ajira zamani huko Mwadui. Alikuwa amewatangazia wajumbe kwamba yeyote aliye ndugu wa mwombaji atoke nje. Mwombaji alikuwa kijana wa Kisukuma, na wajumbe wengi ni Wasukuma. Akatoka wa kwanza, akatoka wa pili, akatoka mwenyekiti mwenyewe. Afisa akabaki na yule kijana, na chai ya watu wote. "Nikamuuliza, na mimi je? Akaniambia, wewe shangazi sikutaka kukutaja."

Halafu akaacha kucheka. "Kuandika hapana ni rahisi," akasema. "Lakini huwezi kumkana mzee nyuma ya mgongo wake, halafu ukaenda kusaini karatasi ya uadilifu. Yuko wapi sasa hivi?"

"Likizo. Kijijini."

"Vaa viatu."

Tukapanda basi hadi Shinyanga, tukaunganisha hadi kijijini, yeye akinilaumu njia nzima kwa kutokuvaa sweta. Baba mdogo alitupokea kwa furaha mpaka nikajisikia vibaya. Mwadila, mwadila, salamu za mchana, ng'ombe hawajambo, watoto hawajambo, kuku akakimbizwa. Afisa alijua adabu za kwao. Hakugusa jambo lililotuleta mpaka tumekula na kunawa. Kisha akanikonyeza.

"Baba," nikaanza, "kule ninakoomba kazi wameniuliza kama wewe ni ndugu yangu."

"Ukasemaje?"

"Nikasema ndiyo."

"Umesema vizuri."

"Nikiendelea kusema ndiyo hawanichukui. Inabidi niseme hapana."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Kwa hiyo leo mimi si baba yako?"

Kazi niliitaka, Mungu anajua nilivyoitaka, lakini pale mbele ya yule mzee nilikuwa tayari kuiacha. Nilifungua mdomo kusema hivyo, Afisa akanitangulia.

"Mzee wangu, swali lao ni dogo kuliko linavyosikika. Mama aliyekuzaa wewe ndiye aliyemzaa baba yake huyu?"

"Hapana. Mama yangu ni wa Kishapu. Mama yake yeye alitoka Maswa."

"Umeoa kwao?"

"Nitaoaje kwao? Si dada zangu wale!"

"Basi wanachouliza ni hicho tu. Mambo ya kuchunga pamoja, ya msiba, ya yule fahali, hawakuyauliza."

Baba mdogo akafikiri. "Hawayaulizi kabisa?"

"Hawana hata mahali pa kuyaandika."

Akatikisa kichwa, akawaonea huruma kwa dhati, kama mtu aliyesikia kuna nchi haina chumvi. "Basi waandikie hapana," akaniambia. "Ila waeleze na sababu, wasidhani hatuna adabu. Na ukija kunikuta ofisini?"

"Nitakuamkia."

"Mbele yao?"

"Mbele yao, baba. Shikamoo ya kusikika."

"Wabeja, ng'wanone," akasema. Asante, mwanangu. Akatuongezea na kuku mzima wa kuondoka naye, ambaye alisafiri miguuni pa Afisa hadi Geita akilalamika kila kituo. Niliandika maelezo yote kama yalivyo, bila kuficha wala kupamba, na kabla ya Ijumaa wakajibu kwamba wameelewa. Nikaitwa kwenye usaili.

Usaili ulifanyika kwa njia ya mtandao, na mtandao mzuri mtaani ulikuwa sebuleni kwa Afisa. Siku hiyo mtaa wetu sitausahau. Fundi viatu aliweka nyundo chini tangu asubuhi, wateja wakaambiwa viatu kesho. Mama lishe alimfunika jogoo wa Afisa kwa tenga na kulikalia. Dalali alisimama katikati ya barabara na suti yake ya maziwa, akiwasimamisha bodaboda wote wasukume pikipiki mpaka wavuke nyumba ya Afisa, na wakasukuma. Nilimwomba Afisa akae nami, hata kwenye kona, nimwone tu.

"Hapana," akasema. "Nikikaa humo nitakusaidia, kwa nyusi tu nitakusaidia. Na nikikusaidia, siku ukipata hiyo kazi hutajua kama ni yako." Akatoka, akakaa kwenye ngazi, amenipa mgongo.

Waliniuliza mengi. Wakaniuliza juu ya vipimo vya zebaki, juu ya kufanya kazi na watu wa mataifa mengine, juu ya kukataa zawadi. Mmoja, mama mwenye sauti nzito, akaniomba nieleze jambo nililolifanya likashindikana. Nikamweleza habari za akina mama wa karasha na chuma kile cha giza, mpaka kioo. Nilisikia mwenyewe kwamba nilikuwa nikieleza kwa furaha. Nilipotoka, wote wanne walikuwa wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. "Imekuwaje?" dalali akauliza. Nikasema sijui. Afisa akasema, "Hilo ndilo jibu sahihi," akaenda kumfungulia jogoo.

Kisha kimya. Mradi wetu ukafungwa kweli, nikarudisha vifaa na kofia ngumu. Mama akawa anapiga simu bila kuuliza, anaongelea mvua. Jumamosi nilikuwa naenda kibarazani, sasa nakaa upande wa jopo, nawauliza wengine. Afisa hakunipa moyo hata mara moja. Hakuwa mtu wa "itakuwa tu." Alinipa viazi nimenye.

Barua ilikuja siku ya katikati ya wiki, mchana. Niliifungua kwenye simu nikiwa sokoni, nikasoma neno la kwanza, nikaacha nyanya zangu mezani kwa mwenye nyanya, nikaenda moja kwa moja hadi nyumba ya kona. Afisa alikuwa peke yake kwenye mkeka uani, mbele yake ungo wa dengu anazochambua. Nilimkabidhi simu bila shikamoo. Hakunigombeza kwa hilo, ndipo nilipojua ameshaelewa.

Alisoma kwa sauti, sharti kwa sharti, kama alivyofanya na barua za watu wote. Cheo. Kipindi cha majaribio. Uchunguzi wa afya. Kutokufanya kazi nyingine. Kutunza siri za kazi. Kila kifungu alisema, "Sawa," na mimi nikaitikia, "Sawa." Akafika kwenye kituo cha kazi. Akakuza maandishi kwa vidole, akasoma kimoyomoyo.

Ilikuwa nchi ya Afrika Magharibi. Kuna wachimbaji wadogo kama wetu, na zebaki kama yetu, na watu wanaongea Kifaransa.

"Si Mwanza," akasema.

"Si Mwanza, Afisa."

Akanirudishia simu. Akachukua dengu kiganjani, akaziacha zidondoke kwenye ungo. Nilikuwa nikisubiri swali lake la siku zote, kama masharti nimeyaelewa. Badala yake akavua miwani, na nikaona macho yake yamejaa.

"Sitaki uende," akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kwa mtu yeyote. Wangapi walipita kibarazani pale, wakaenda wanakokwenda, na yeye akawasindikiza hadi getini akiwakumbusha kadi ya chanjo! Nilipiga magoti kwenye mkeka nikamshika mikono.

"Wengine walikuwa wanakuja kwa ajili ya kazi," akasema. "Walivyopata wakaenda, na ni sawa, ndivyo nilivyotaka. Wewe umekuja hata siku ambazo hapakuwa na kazi ya kuomba. Nimekuzoea. Binti yangu yuko Dodoma, nimekataa kumfuata kwa sababu ya watu wa hapa, na sasa wewe mtu wa hapa unaondoka. Nimesema. Nimemaliza."

"Nikatae?" nikamuuliza. Na nilikuwa nauliza kweli. Nililia, naye akalia.

"Ukatae?" Akaondoa mikono yake, akajifuta kwa ncha ya kitenge, na sauti ikarudi ile ya Mwadui. "Nani amekwambia ukatae? Nimekwambia ninavyojisikia, sijakwambia la kufanya. Wanataka jibu lini?"

"Kesho."

"Jibu sasa. Hapa. Nikiona."

Nikasaini kwa kidole kwenye kioo cha simu, sahihi ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Akaitazama, akasema inatosha. Akaniuliza safari ni lini. Nikamwambia mwisho wa mwezi ujao.

"Basi na mimi nina sharti langu. Halimo humo."

"Lipi, Afisa?"

"Mpaka siku hiyo utakuja hapa kila siku. Si kujifunza, si kukaa kwenye jopo. Kuja tu."

"Kila siku?"

"Unalikubali au hulikubali?"

"Nalikubali."

Akasogea kwenye mkeka, akausukuma ungo katikati yetu. Nikavua viatu, nikakaa karibu yake, tukachambua dengu mpaka zikaisha, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake swali.